Mwenye Heri Niels Stensen, Mtaalamu wa Ubongo na Askofu wa Misioni

Katekista afundishapo juu ya roho ya mwanadamu, mara nyingi kijana mmoja huinua mkono na kuuliza roho inakaa wapi: moyoni, kichwani, au ndani ya damu. Swali hilo si la watoto peke yao. Zaidi ya miaka 300 iliyopita wenye elimu wa Ulaya walilishindania, na mmoja wao, mwenye sifa kupita wote, alidai kwamba amekwisha kupaona mahali penyewe. Aliyeonyesha kwamba mahali pale hapakupatikana bado alikuwa kijana wa miaka 27, Mlutheri kutoka Denmark, jina lake Niels Stensen. Baadaye kijana huyo alipata kuwa Mkatoliki, kisha padri, kisha askofu, na mwaka 1988 Kanisa lilimtia katika hesabu ya Wenye Heri.

Alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwanzoni mwa Januari 1638. Baba yake, Sten Pedersen, alikuwa sonara, na mfalme mwenyewe alinunua kazi ya mikono yake. Tangu umri wa miaka mitatu hata sita mtoto Niels alikuwa mgonjwa, asiweze kutoka nje kucheza na wenziwe. Alikaa nyumbani kati ya watu wazima akisikiliza maongezi yao, na mengi yalikuwa maongezi ya dini. Mara alipopona, baba yake akafariki. Lakini mtoto wa sonara alikuwa amekwisha kuona jinsi kazi nyembamba inavyotaka vidole vyepesi na moyo usio na haraka, na jambo hilo lilimfaa siku zote za uganga wake.

Mwaka 1654 tauni iliingia Copenhagen. Katika shule yake peke yake walikufa wanafunzi karibu 240, yeye akasalia. Mwaka 1656 aliingia Chuo Kikuu ili asomee uganga. Hata masomo hayo hayakuwa na utulivu, kwa kuwa mwaka 1658 majeshi ya Uswidi yaliuzunguka mji, na wanafunzi wakawekwa zamu ya kulinda kuta. Katika miezi ile ya njaa na baridi Niels aliandika daftari nene la mambo aliyoyasoma, akichanganya humo sala fupi za kumwomba Mungu amwepushe na tabia ya kurukaruka kutoka jambo hili hata lile pasipo kulimaliza hata moja.

Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi. Majuma machache baada ya kufika Amsterdam alinunua kichwa cha kondoo apate kukipasua peke yake. Alipopenyeza kijiti chembamba cha chuma ndani ya mshipa mmoja wa shavu, akasikia ncha yake ikigonga meno. Hivyo akauvumbua mfereji uletao mate kinywani kutoka tezi iliyo karibu na sikio. Mwalimu wake akasema kwamba yeye ndiye aliyeutangulia kuuona, ugomvi ukazuka, barua zikaandikwa. Mwishowe wataalamu wa mji wa Leiden walimpa haki mwanafunzi, na mfereji ule waitwa kwa jina lake hata leo katika vitabu vya waganga wa dunia nzima.

Huko Leiden alifanya neno kubwa zaidi. Wakati ule wengi waliamini kwamba moyo ni jiko la mwili, mahali pa moto wa uhai, au kiti cha roho. René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1650, alikuwa ameeleza jinsi joto la moyo linavyoisukuma damu. Stensen aliipasua mioyo ya wanyama, akafuata nyuzi zake moja moja, akaona kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine: ni nyama inayojikaza na kulegea. Si jiko, wala hauna moto wa namna ya peke yake. Ugunduzi huo ulimtikisa yeye mwenyewe kuliko ulivyowatikisa wasomaji wake, maana vijana wengi wa Uholanzi, na yeye pamoja nao, walikuwa wakiifuata falsafa ya Descartes karibu kama imani. Baadaye alisimulia jinsi alivyowaza siku zile: ikiwa watu hawa wamekosea hivi katika kitu ambacho mtoto aweza kukishika kwa mkono, vipi wasadikiwe wanapoeleza kwa uhakika uleule habari za Mungu na za roho?

Kati ya marafiki zake wa Uholanzi alikuwamo Baruch Spinoza, ambaye baadaye alijulikana kote kwa falsafa yake iliyopingana na dini zote. Spinoza alizoea kuja kila siku kumtazama Stensen akipasua bongo za wanyama. Swali lao lilikuwa moja: mwendo wa mwili unaanza wapi, na hisia za mwili zinakoma wapi? Walitazama pamoja, kisha njia zao zikaachana kabisa.

Mwaka 1665 Stensen alikuwa Paris, mgeni wa Melchisédech Thévenot, bwana mkubwa aliyezoea kuwakusanya wenye elimu nyumbani kwake. Aliombwa aseme mbele yao juu ya ubongo. Siku zile mtu aliyesimama kusema juu ya ubongo alikuwa na mengi ya kuchagua. Descartes alikuwa ameandika kwamba roho ina makao yake katika tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, yenye umbo kama la koni ya msonobari. Kwa maelezo yake, tezi hiyo huinama huku na huku kama mtu mwenye kuongoza ngoma, na kuzituma pumzi za uhai katika mishipa ya fahamu. Thomas Willis, mganga wa Uingereza, alikuwa ametoa mwaka 1664 kitabu chenye picha nzuri sana, akaigawanya kazi ya akili kama mtu agawavyo vyumba vya nyumba: hapa fahamu, hapa mawazo, hapa kumbukumbu.

Stensen alisimama, akaanza kwa kuungama kwamba yeye juu ya ubongo hajui kitu. Hayakuwa maneno ya adabu tu. Alieleza kwamba ubongo ndio chombo kizuri kupita vyote vya mwili, chombo ambacho kwacho mwanadamu huyafahamu mambo yote mengine, na tena ndicho asichokifahamu hata kidogo. Kisha akaonyesha kwa nini. Ubongo ni laini mno. Kisu kikiugusa, sehemu zake husogea, na mpasuaji huona kile alichokifanya kwa mkono wake akidhani kwamba ameona kazi ya Muumba. Mmoja huukata kutoka juu, mwingine kutoka chini, kila mmoja huchora picha yake, na picha hazipatani. Mtu akiwa na mawazo yake tayari kabla hajashika kisu, ubongo kwa ulaini wake hukubali kumwonyesha lolote alitakalo.

Hata alipofika kwa Descartes hakumtukana, wala hakumcheka. Alimsifu kwa akili yake, akasema kwamba mtu huyo alikuwa amejitengenezea mashine ya mawazoni ifanyayo kazi zote ambazo mwanadamu aweza kuzifanya. Lakini mashine hiyo si mwanadamu mwenyewe. Tezi ile imeshikwa imara na vitu vinavyoizunguka, haiwezi kuinama upande wowote. Basi ikiwa haiwezi kuinama, maelezo yote yaliyojengwa juu ya mwendo wake huanguka pamoja nayo. Na Willis? Picha zake ni bora kuliko za wote waliomtangulia, ingawa zina makosa. Ila juu ya vyumba vyake vya kumbukumbu na mawazo Stensen aliuliza swali jepesi: imejulikanaje? Nani ameona?

Baada ya kubomoa, alionyesha namna ya kujenga. Alisema kwamba sehemu nyeupe ya ubongo si nta isiyo na mpango, bali ni nyuzi nyingi zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, na ya kuwa njia ya hakika ni kufuata kila uzi tangu unapoanzia hata unapokomea. Alikiri kwamba kazi hiyo ni ngumu kupita kiasi. Alitaka ubongo wa mwanadamu ulinganishwe na wa wanyama, ubongo wa mzima na wa mgonjwa, wa mtu mzima na wa mtoto asiyezaliwa. Alisema pia kwamba mganga mwenye wagonjwa wengi hatapata nafasi ya kufanya kazi hiyo. Yataka mtu aliyewekwa kwa ajili yake tu, na asiyeona haya kusema sijui.

Hotuba hiyo ilipigwa chapa Paris mwaka 1669. Ni kitabu chembamba. Wataalamu wa leo, wajuao kwamba ubongo wa mwanadamu una seli za fahamu karibu bilioni 86, na walio na mashine za kuzifuata nyuzi zake ndani ya mtu aliye hai, bado wanakitaja, maana njia wanayoipita ndiyo aliyoionyesha yeye. Hata ile tezi ya Descartes imekwisha kujulikana: kazi yake ni kutoa dutu ipatanishayo mwili na usiku na mchana, ili mtu apate usingizi kwa wakati wake. Nalo Kanisa halikupata kamwe kuitafutia roho chumba. Tangu Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, lafundisha kwamba roho yenye akili ndiyo umbo la mwili wa mwanadamu, yaani ndiyo iupayo mwili wote uhai wa kibinadamu, wala haikai ndani yake kama ndege ndani ya tundu. Katekista akiulizwa lile swali, jibu ni hilo.

Mwaka 1666 Stensen alifika Italia, na Ferdinando wa Pili, Mtawala wa Toscana, akampokea Florence kwa heshima kubwa. Mwezi wa Oktoba wavuvi wa Livorno walimkamata papa mkubwa, na kichwa chake kikaletwa kwa Stensen akipasue. Alipoyatazama meno yake alikumbuka mawe fulani yachimbwayo katika kisiwa cha Malta, ambayo watu waliyaita ndimi za nyoka zilizogeuka mawe. Akatambua kwamba ni meno ya papa wa kale, yaliyofunikwa na tope la bahari. Kutoka hapo akafikiri juu ya miamba yote, na mwaka 1669 akatoa kitabu kilichoeleza kwamba matabaka ya mwamba yalitandazwa moja juu ya jingine, la chini likitangulia na la juu likifuata. Mchimbaji wa Ruashi au wa Kambove, atazamapo ukuta wa shimo na rangi zake zilizopangwa mistari mistari, anausoma kwa kanuni hiyo ya Stensen, hata kama jina lake hajalisikia.

Lakini katika mwaka uleule wa 1666, kabla ya habari ya papa, jambo jingine lilikuwa limempata palepale Livorno. Ilikuwa sikukuu ya Mwili wa Kristu. Alisimama njiani akitazama maandamano, Sakramenti Takatifu ikipita, watu wakipiga magoti, maua yakimwagwa. Akawaza: ama hiki ni kipande cha mkate tu, na watu hawa wote ni wajinga, ama kweli ni Mwili wa Kristu, na mimi mbona siuheshimu? Wazo hilo halikumwacha. Lilikuwa ni swali lake la Paris, ila sasa lilimgeukia yeye.

Huko Florence alizoea kwenda kununua dawa katika nyumba ya watawa, na aliyezisimamia dawa alikuwa sista wa makamo, Maria Flavia del Nero. Sista alipogundua kwamba kijana huyu mwenye adabu na elimu ni Mlutheri, alianza kumwombea na kumwambia waziwazi yaliyo moyoni mwake. Inasimuliwa kwamba siku moja kengele ya Malaika wa Bwana ililia wakiwa katika mazungumzo, naye sista akamtaka wasali Salamu Maria. Stensen akasali nusu ya kwanza, nusu ya pili akakataa, maana Walutheri hawaombi maombezi ya Watakatifu. Mwanamke huyo hakuwa na chuo kikuu. Hata hivyo alimfuata mtaalamu huyo kwa subira ileile ambayo mtaalamu alifuatia nyuzi za ubongo.

Stensen hakufanya haraka. Alisoma Mababa wa Kanisa, akachungua vitabu vya kale kwa lugha zake, akazungumza na mapadri Wajezuiti. Siku ya Marehemu wote, tarehe 2 Novemba 1667, alikata shauri, na siku chache baadaye akapokewa katika Kanisa Katoliki. Alijua gharama yake. Nyumbani kwao Denmark Mkatoliki hakuweza kushika ualimu wa Chuo Kikuu.

Hakuiacha elimu mara moja. Mwaka 1669, akiwa safarini, alipasua mjini Innsbruck kichwa cha ndama aliyezaliwa na kichwa kilichovimba kupita kiasi. Alikuta maji mengi ndani ya ubongo, akaandika barua kwa Mtawala Ferdinando akieleza jinsi maji hayo yalivyoiharibu sehemu hii na ile. Ulikuwa ni ugonjwa, wenye sababu zake za mwili. Katika nchi nyingi hata leo mama wa mtoto mwenye maji kichwani husengenywa na jirani kwamba amerogwa au amelaaniwa. Barua ile ina zaidi ya miaka 350.

Mwaka 1672 mfalme wa Denmark alimwita nyumbani. Kwa kuwa hangeweza kuwa mwalimu wa Chuo, alipewa cheo cha mpasuaji wa mfalme, akawafundisha wengi kwa miaka miwili. Kisha akarudi Florence, na wakati wa Pasaka ya mwaka 1675 akapewa daraja takatifu ya upadre. Mwaka 1677 Papa alimteua awe askofu na Vikari wa Kitume wa misioni za Kaskazini. Alitoka Florence kwenda Roma kwa miguu, kama mhujaji, na huko Mtakatifu Gregorio Barbarigo akampa daraja ya uaskofu.

Misioni za Kaskazini zilikuwa nchi kubwa sana za Ujerumani na Skandinavia, zenye Wakatoliki wachache waliotawanyika, nyingine hazina padri hata mmoja. Kama Katanga ilivyokuwa Vikarieti ya Kitume tangu 1932 hata 1959, ndivyo nchi hizo za Ulaya zilivyokuwa nchi za misioni mikononi mwa Propaganda Fide. Stensen alikaa Hannover, kwa kuwa mtawala wa pale alikuwa Mkatoliki. Katika mji huo alionana na Leibniz, mwanafalsafa mashuhuri, ambaye alisikitika kwamba mtaalamu mkubwa hivyo wa maumbile amejigeuza kuwa mwanateolojia wa kawaida tu. Pengine Leibniz alisema kweli juu ya vitabu. Vitabu vya dini vya Stensen havisomwi kama ile hotuba ya ubongo. Lakini mtu mwenyewe hakuwa ameingia upadre kwa ajili ya vitabu.

Mtawala alipofariki, mwaka wa 1679, mrithi wake alikuwa Mprotestanti, na Stensen akahamia Münster kuwa askofu msaidizi. Alizunguka parokia za vijijini akihubiri, akitoa Kipaimara, akiwasahihisha mapadri wazembe. Pete yake na msalaba wake wa kiaskofu aliviuza, akawapa maskini fedha. Mwaka 1683 askofu wa Münster akafariki, na wakanoni wakakusanyika wamchague mwingine. Kura zilinunuliwa kwa fedha, na mteule alikuwa mkuu mwenye nguvu aliyekwisha kushika majimbo mengine. Stensen aliombwa aadhimishe Misa ya uchaguzi. Akakataa, akaondoka mjini, akaenda Hamburg, akapoteza kazi yake na riziki yake. Roma haikuuthibitisha uchaguzi ule.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Hamburg Waprotestanti walimtishia, na Wakatoliki wengine, waliouchoka ukali wake, walimsingizia. Huenda alikuwa mkali kupita kadiri. Alijitesa kwa kufunga hata rafiki zake wakamwonya. Alipata ruhusa ya kurudi Italia, lakini mwaka 1685 alikwenda Schwerin, katika Ujerumani ya Kaskazini, kuwahudumia Wakatoliki wachache wasio na mchungaji. Huko ugonjwa wa mawe ya ndani ulimshika. Tumbo lilivimba, maumivu yakawa makali. Yeye aliyeyajua matumbo ya wanadamu kuliko waganga wengi wa Ulaya alijua vizuri hali yake. Alifariki tarehe 5 Desemba 1686, akiwa na umri wa miaka 48, na mali aliyoiacha ilikuwa nguo chache kuukuu.

Cosimo wa Tatu, mwana wa Ferdinando, alituma mwili wake uletwe Florence kwa meli, ukazikwa katika kanisa la San Lorenzo. Mwaka 1732 mjukuu wa ndugu yake, Jacques-Bénigne Winslow, mganga mashuhuri wa Paris ambaye naye alikuwa ameongokea Kanisa Katoliki, aliitia tena hotuba juu ya ubongo ndani ya kitabu chake kikubwa cha elimu ya viungo, na kwa njia hiyo ikawafikia waganga wa karne mpya. Tarehe 23 Oktoba 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Niels Stensen Mwenye Heri mjini Roma.